Ushambulivu, si Uchokozi

Rasimu ya istilahi za elimu ya wanyama inayozungushwa miongoni mwa walimu imelibebesha neno uchokozi mzigo usio wake. Kila mahali mnyama anapomrukia mwenzake, au mwili wake unapokuwa tayari kumrukia, rasimu inasema ni uchokozi. Kuna homoni ya uchokozi, jeni ya uchokozi, na sehemu ya ubongo inayoongoza uchokozi. Sina ugomvi na watu wanaotaka biolojia ifundishwe kwa Kiswahili. Hilo nimelipigania muda wote wa kazi yangu. Ugomvi wangu ni na neno lenyewe, kwa sababu linamtwika mshambuliaji kosa la aliyemchokoza.

Turudi kwenye shina. Kuchokoa ni kuingiza kijiti mahali ili kutoa kilichomo, kama mtu achokoavyo meno baada ya kula nyama. Kutoka hapo tukapata kuchokoza, yaani kumchimbachimba mtu mpaka aamke. Mchokozi basi ni mwenye kijiti. Mtoto akiupiga mzinga mawe, mchokozi ni mtoto, na nyuki wanajibu. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili, awe wa Pemba au wa Tabora, atakayesema kwamba nyuki wale ni wachokozi. Lugha imekwisha kutenga kinachoamsha na kinachoamka, na mgawanyo huo ndio walioutafuta wachunguzi wa tabia za wanyama kwa jasho jingi.

Mholanzi Niko Tinbergen aliuonyesha kwa samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni. Msimu wa kuzaana dume hupata wekundu kifuani na tumboni, akachagua eneo lake, na dume mwingine akiingia humo hushambuliwa. Tinbergen aliwawekea sanamu. Sanamu iliyofanana kabisa na samaki lakini haina wekundu haikuwashughulisha sana; donge lisilo na umbo la samaki, mradi lilikuwa jekundu upande wa chini, lilirukiwa. Alieleza hata kwamba madume waliokuwa kwenye matangi karibu na dirisha, huko Leiden, walilikabili gari jekundu la posta lilipopita nje. Hapo pana mambo mawili: wekundu unaochokoza, na hali iliyo ndani ya samaki inayouitikia. Mwanafunzi atakayefundishwa kwa rasimu hii atayaita yote mawili uchokozi, na jaribio zima litampotea.

Wapo watakaosema kwamba mchokozi ni yule anayeanza bila kuanzwa. Nawapeleka California. Mwaka 2011 Dayu Lin, David Anderson na wenzao walichapisha utafiti ambamo seli chache za haipothalamasi ya panya dume ziliamshwa kwa mwanga. Mwanga ulipowaka, panya alimrukia dume, alimrukia jike, akaishambulia hata glavu iliyojazwa hewa. Hakuchokozwa, wala hakuchokoza. Anayechokoza hutaka kumwamsha mwenzake, na panya huyu alikuwa tayari anang'ata. Neno letu halina nafasi katika chumba kile.

Kundi la pili, na humo wamo watu ninaowaheshimu, linataka ushari. Neno ni tamu mdomoni, na mtu mshari tunamjua sote. Lakini shari tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya uovu, na mpaka leo tunaposema kheri na shari tunapima maadili. Biolojia haipimi hivyo. Mwaka 1963 Konrad Lorenz, Mwaustria aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973 pamoja na Tinbergen na Karl von Frisch, alitoa kitabu ambacho jina lake la Kijerumani maana yake ni “kile kiitwacho uovu”. Alilichagua jina hilo kwa makusudi: alitaka kuonyesha kwamba tabia hii huwatawanya wanyama wasisongamane kwenye malisho, na huwalinda watoto wao. Mengi katika kitabu hicho yamepingwa, hasa dai lake kwamba msukumo huo hujaa ndani ya mnyama mpaka umwagike, na mimi nimo miongoni mwa wasiolikubali. Hata hivyo, kumtafsiri Lorenz kwa neno ushari ni kukikanusha kitabu kuanzia jalada.

Mtazame fisi madoa wa kwetu. Mtoto wake huzaliwa macho wazi na meno yamekwisha kutoka, na mapacha huanza kung'atana mapema mno kugombea nani atakuwa juu. Katika Maasai Mara, Stephanie Dloniak, Jeffrey French na Kay Holekamp walionyesha mwaka 2006 kwamba majike wa vyeo vya juu huwa na androjeni nyingi zaidi mwishoni mwa mimba, na kwamba kadiri mama alivyokuwa nazo nyingi ndivyo watoto wake walivyozidi kushambulia. Nani atamwita mshari kiumbe ambaye hajakauka maji ya uzazi?

Neno ninalolitetea ni ushambulivu. Kitenzi shambulia kila mtu anacho. Hata anayesikiliza mpira redioni anajua mshambuliaji ni nani. Kinachopingwa ni mwisho wake, nami hapo nitakaa. Kibantu cha kale kilikuwa na njia ya kugeuza kitenzi kuwa sifa ya kudumu kwa irabu u, na irabu hiyo ikailainisha konsonanti iliyoitangulia. Ndiyo maana kauka imetupa kavu, choka ikatupa chovu, nyooka ikatupa nyoofu, ongoka ikatupa ongofu. Baadaye -vu na -fu vikashika kazi hiyo vyenyewe: tulia, tulivu, vumilia, vumilivu, sikia, sikivu, legea, legevu. Kwa kanuni hiyo hiyo shambulia inazaa shambulivu, bila kulazimishwa na bila kuazima. Nalo linasimama mahali pake panapostahili, mkabala na utulivu na uvumilivu, kwa mwisho ule ule na mizani ile ile. Yupo mwandishi mwenzetu aliyechapisha ushambulizi na kulishikilia. Mwisho wa -zi kwa kawaida hutupa tendo au kazi, kama uvamizi, ulinzi na uchaguzi, na tendo tunalo tayari: mashambulizi.

Tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao. Huko Gombe, kati ya mwaka 1974 na 1978, kundi la sokwe wa Kasakela, ambao Jane Goodall aliwaelezea vizuri, liliwaangamiza madume wa Kahama waliokuwa wamejitenga nalo. Hayo yalikuwa mashambulizi. Yana siku, mahali na aliyeuawa, na yanahesabika. Robert Sapolsky aliwafuatilia nyani wa Kenya ambao madume wao wakali zaidi walikufa kwa kifua kikuu walichokipata kwenye jalala la hoteli ya watalii, katika miaka ya 1980. Kundi likapoa, na likaendelea kuwa pole hata baada ya madume wapya kuhamia kutoka nje. Alichopima Sapolsky si vita fulani. Ni kiwango cha tabia katika kundi, kinachopanda na kushuka, na hicho ndicho ushambulivu.

Nililipeleka neno hili mbele ya kikao kimoja cha istilahi, kwa maandishi na kwa mifano. Nikajibiwa kwamba halimo katika kamusi. Jibu hilo lilinisikitisha wakati ule na linanisikitisha bado, maana kikao kinachoitishwa kuunda maneno hakiwezi kulikataa neno kwa kuwa halijaundwa. Hoja zangu za sarufi hazikujadiliwa.

Kwa matumizi: ushambulivu wa kujihami, wa eneo, wa kugombea jike, wa mama mwenye watoto; mnyama mshambulivu; homoni zinazoathiri ushambulivu. Chui anayemvizia swala hamo, huo ni uwindaji. Uchokozi ubaki kwa kinachochokoza, nao ukali kwa pilipili, kisu na mwalimu.

Rasimu bado inapokea maoni. Walimu wa biolojia, msiiache ipite kimya: andikeni, toeni mifano ya madarasani mwenu, na mdai kwamba uchokozi uondolewe katika kila kidahizo kinachohusu homoni, jeni na ubongo.