Toronto, 1934: Mechi ya Nyota na Swali la Fidia

Kila inapoandikwa historia ya hoki ya barafuni, usiku wa tarehe 14 Februari 1934 hutajwa kwa ajili ya tukio moja: wachezaji wawili waliokuwa na kisa kizito kati yao walipeana mikono mbele ya umati. Katika insha hii ninadai kuwa tukio hilo, ingawa ni la kweli na linagusa moyo, limefunika jambo kubwa zaidi. Mechi ya nyota, ambayo siku hizi ni sherehe ya ligi, chimbuko lake ni mfanyakazi aliyeumia kazini wakati ligi yake haikuwa bado na mfuko wa pensheni kwa wachezaji.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe kwa wasioufahamu. Timu mbili za wachezaji sita sita hushindana juu ya barafu. Kila mchezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini na kushika gongo la kupigia kisahani kigumu cha mpira. Mwendo ni wa kasi, barafu ni ngumu kama saruji, na kugongana kwa mabega kunaruhusiwa. Katika miaka ya 1930 karibu wachezaji wote walicheza bila kofia ya kukinga kichwa.

Tarehe 12 Desemba 1933, Toronto Maple Leafs walikuwa ugenini mjini Boston kucheza na Boston Bruins. Eddie Shore, beki hodari wa Boston, aliangushwa na mchezaji wa Toronto. Alipoinuka alimgonga kwa nyuma Ace Bailey, ambaye si yeye aliyemwangusha. Bailey alianguka na kichwa chake kikapiga barafu. Mchezaji mwenzake, Red Horner, alimpiga Shore ngumi, naye Shore akaanguka na kuumia kichwa. Shore alipona upesi. Bailey alikuwa amevunjika fuvu. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo mara mbili, na kwa siku kadhaa ilidhaniwa kuwa atakufa.

Bailey hakuwa mchezaji wa kawaida. Katika msimu wa 1928–29 aliongoza ligi nzima ya NHL kwa mabao na kwa pointi, na mwaka 1932 alitwaa Kombe la Stanley pamoja na Toronto. Alipoumia alikuwa na umri wa miaka 30. Alinusurika, lakini hakucheza tena. Shore alifungiwa mechi 16 katika msimu wa mechi 48, kisha akarudi kazini.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la mechi ya hisani. Timu nyingine za ligi zilitoa wachezaji wao bora ili wapambane na Toronto katika uwanja wa Maple Leaf Gardens, na mapato yaende kwa Bailey na familia yake. Shore alikuwa miongoni mwa nyota hao. Kabla ya mchezo kuanza, Bailey alisimama kwenye barafu na kumpa mkono mtu aliyekatisha kazi yake, na umati ukashangilia. Toronto walishinda kwa mabao 7 kwa 3. Zilipatikana zaidi ya dola 20,000, na klabu ikatangaza kuwa jezi namba 6 ya Bailey haitavaliwa tena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa NHL kumpa mchezaji heshima hiyo.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Siudharau moyo wa watu wa Toronto, ambao walitoa fedha hizo katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Lakini mchango hutegemea huruma ya siku hiyo na umaarufu wa aliyeumia. Bailey aliishi miaka mingine 58, hadi Aprili 1992, na kwa miongo mingi alifanya kazi ya kutunza muda wa mechi katika uwanja uleule. Usiku mmoja wa hisani hauwezi kuitwa mpango wa maisha yote hayo.

Ushahidi kwamba ligi haikuwa imelijibu swali hilo ni kuwa hisani ilibidi irudiwe. Howie Morenz, nyota wa Montreal Canadiens, alivunjika mguu uwanjani Januari 1937 na kufariki hospitalini tarehe 8 Machi. Mnamo Novemba ilichezwa mechi ya nyota kwa ajili ya familia yake. Babe Siebert alizama ziwani Agosti 1939, na Oktoba ikachezwa nyingine. Mechi tatu kwa misiba mitatu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1947. Tarehe 13 Oktoba, katika uwanja uleule wa Toronto, ilichezwa mechi ya kwanza ya nyota iliyokusudiwa kuwa ya kila mwaka. Nyota waliwashinda Toronto mabao 4 kwa 3, na sehemu ya mapato iliingia katika mfuko mpya wa pensheni ya wachezaji. Jioni hiyohiyo Bill Mosienko wa Chicago alivunjika kifundo cha mguu, kana kwamba mchezo wenyewe ulitaka kukumbusha kwa nini mfuko ulihitajika.

Msomaji anaweza kusema kuwa kufikia hapo haki ilipatikana. Sikubaliani. Kila mchezaji alichangia dola 900 kwa mwaka, lakini hesabu za mfuko zilishikwa na wenye timu. Ted Lindsay wa Detroit alipoomba kuziona, hakuonyeshwa. Mwaka 1957 yeye na Doug Harvey wa Montreal waliongoza kuundwa kwa chama cha wachezaji. Lindsay alikuwa ametoka katika mojawapo ya misimu yake bora, lakini Julai mwaka huo Detroit ilimhamishia Chicago. Chama kilivunjika mwaka uliofuata. Kile kilichodumu kiliundwa mwaka 1967. Wachezaji wastaafu waliishtaki ligi wakashinda: mwaka 1992 mahakama ya Ontario iliamua kuwa ziada ya mfuko ilikuwa mali yao, na mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Juu ya Kanada ilikataa kusikiliza rufaa.

Kwa hiyo, nikipima miaka hiyo 60 kwa pamoja, naona hatua tatu. Mwaka 1934 mchezaji aliyeumia alipewa hisani. Mwaka 1947 alipewa mfuko bila ufunguo wake. Mwaka 1994 ndipo ilipothibitika kisheria kuwa fedha zilikuwa zake. Picha ya mikono miwili juu ya barafu inatufundisha kusamehe, na msamaha wa Bailey ulikuwa wake kuutoa. Hata hivyo, kati ya Bailey na Shore kulikuwa na upande wa tatu, yaani mwajiri. Huo ulichukua miongo sita kulipa deni lake, na haukulipa mpaka ulipopelekwa mahakamani.