Suwarora, hongo na ngoma: historia ya Rusubi inayopitwa na malori

Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aombe msamaha mjini Songea Novemba 2023 kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji, mjadala wa mali kale zilizobebwa kwenda Ulaya haujapoa. Huku magharibi mwa Kagera mjadala huo una mkia wake: zikirudi, zitawekwa wapi? Mgeni akishuka Ngara au Biharamulo akaulizia makumbusho, ataelekezwa Bukoba, au ataambiwa apande basi la Mwanza akaone makumbusho ya Bujora.

Inauma kidogo, kwa kuwa nchi hii iliwahi kuwa na mtawala aliyejua kumsimamisha mgeni hadi akamjua mwenyeji ni nani.

Jina lake Suwarora. Alitawala Rusubi, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo wilayani Biharamulo, na ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiandika Usui. Alikuwa wa ukoo wa Wahinda, uleule uliotoa watawala wa ufalme jirani wa Karagwe. Lakini Karagwe ilipata bahati ya kusifiwa vitabuni. Rusubi ilipata John Hanning Speke akiwa amekasirika.

Speke na mwenzake James Grant waliingia Rusubi Oktoba 1861, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njia ya kwenda Karagwe na Buganda ilipita kwa Suwarora, na Suwarora alitaka hongo, yaani ushuru wa kupita. Wenye misafara waliizoea. Waarabu na Wanyamwezi waliilipa miaka nenda rudi. Speke aliiona kuwa ni unyang'anyi, na kitabu chake cha mwaka 1863 kimejaa manung'uniko juu ya masango (nyaya) ya shaba, vitambaa vya merikani na shanga zilizomtoka.

Mambo yalianzia mpakani, ambako maofisa wa mfalme walitaka chao kwanza, kabla hata hesabu ya bwana wao haijaguswa. Alipofika karibu na makazi ya mfalme, Speke hakuruhusiwa kuingia ndani. Aliwekwa nje ya ua, akaambiwa asubiri. Akasubiri. Mshauri wa mfalme, ambaye Speke anamwita Sirhid, alikwenda na kurudi. Leo bei hii, kesho nyingine. Usiku wezi walinyemelea kambi na walinzi wakafyatua bunduki gizani. Mchana wenyeji walijaa kuwatazama watu weupe kama tamasha. Suwarora mwenyewe hakutokea hata mara moja. Inasemekana alihofia uchawi wa wageni hao, ingawa mimi nadhani alijua pia kwamba mfalme asiyeonekana hupata bei nzuri zaidi.

Sasa ngoma. Katika njia ile, hongo ikishakubaliwa, mtawala aliamuru ngoma zipigwe ili nchi nzima ijue kwamba msafara huu umemalizana na mwenye nchi na usizuiwe tena. Mlio huo ndio uliokuwa stakabadhi. Mzigo ulikuwa haufungwi, wala mpagazi hasimami, mpaka ngoma isikike. Mtu anayedhani ngoma za kifalme zilikuwa za kuchezea tu na aisome safari hii ya Speke upya, hasa kurasa zile ambazo msafiri mwenye bunduki anakaa mkao wa kula akisubiri mlio.

Novemba wakaachiwa, wakaingia Karagwe, na lugha ya kitabu inabadilika papo hapo. Mjumbe wa Mfalme Rumanyika, Kachuchu, aliwapokea njiani na kuwaambia kwamba vijiji vitawalisha kwa amri ya mfalme. Rumanyika akawa muungwana wa Afrika ya Kati, Suwarora akabaki mlafi. Hukumu hiyo imerithiwa na waandishi wengi tangu hapo. Naiona ya upande mmoja. Leo pale Rusumo, mpakani na Rwanda, lori la kwenda Kigali haliondoki bila makaratasi yake kukamilika, na dereva anaweza kulala hapo akisubiri. Hakuna anayeandika kwamba Mamlaka ya Mapato ni kundi la wanyang'anyi. Au kama yupo, haandiki kitabu.

Baada ya Suwarora mambo yalikwenda mbio. Msafiri Stanley alimtaja Kasusura kama mfalme wa Usui mwaka 1889. Mwaka 1894 Mjerumani Graf von Götzen alivuka Kagera eneo la Rusumo kuingia Rwanda. Wajerumani wakajenga boma lao Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, na Juni 1916 Wabelgiji wakaufikia mji huo wakitokea magharibi.

Upande wa Ngara kuna ugomvi mwingine, wa karatasi. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji waligawana koloni la Wajerumani, na Bugufi ikaangukia Tanganyika pamoja na Gisaka ya Rwanda. Gisaka ilirudishwa miaka michache baadaye. Bugufi haikurudi. Mwaka 1948, ujumbe wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa ulipozuru eneo hili, Mwami, mfalme wa Burundi, aliidai tena, bila mafanikio. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Ngara na wa ng'ambo ya Burundi wanaelewana bila mkalimani, na ngoma zao zinaelewana vilevile.

Ng'ambo hiyo wameshapiga hatua. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mwaka 2017 serikali yao ikatoa amri inayozuia wanawake kuzipiga na kuvitaka vikundi vijisajili, amri iliyoleta kelele nyingi. Siipendi amri hiyo. Lakini taifa linalogombana juu ya ngoma zake angalau linajua zilipo. Sisi tulifuta utawala wa machifu mwaka 1963, kwa sababu ninazozikubali, na vyombo vyao vikabaki mikononi mwa koo bila mpango wowote.

Miongo iliyofuata Ngara ilijulikana duniani kwa kambi ya wakimbizi ya Benaco ya 1994, pale Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa takriban siku moja. Mwaka 2019 ikaja Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na mabango ya utalii yakajaa twiga.

Boma la Biharamulo bado lipo, na limewahi kutumika kama nyumba ya wageni. Chumba kimoja humo kingetosha kuanzia makumbusho: ramani ya njia ya hongo, sango la shaba, kipande cha merikani, nakala za madai ya Bugufi, na ngoma ambayo ukoo wake umekubali kuiazimisha.

Bujora ilianza hivyohivyo, na watu kwanza. Padri David Clement, Mkanada, alikuta Wasukuma wana vyama vyao vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinavyocheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi. Akawapa uwanja, akakusanya ngoma za watemi, na makumbusho yakasimama miaka ya 1960. Tamasha la ngoma la Bulabo linachezwa pale kila mwaka mpaka sasa. Vikundi vya Ngara na Biharamulo navyo vipo. Vinaitwa Mwenge wa Uhuru unapopita au waziri anapokuja kuzindua mradi, vinacheza juani nusu saa, vinapewa soda na nauli.