Caterina wa Genova na Bwana Giuliano

Wengi wakisikia habari ya bibi wa ukoo mkuu na bwana mwenye sifa mbaya, hungoja hadithi ya kutoroka usiku na kuoana kwa siri. Leo, wasomaji wapenzi, tunataka kuwaeleza habari ya namna nyingine: ndoa iliyofungwa pasipo mapenzi, ikakaa miaka kumi katika majonzi, na mapenzi yakaja nyuma.

Caterina Fieschi alizaliwa mwaka wa 1447 katika mji wa Genova, bandari tajiri ya Italia. Mapapa wawili, Inosenti IV na Adriano V, walitoka katika ukoo wake. Alipokuwa na miaka 13 aliomba kupokewa utawani, katika nyumba alimokaa dada yake. Watawa wakamkataa, kwa sababu alikuwa mdogo mno. Baadaye baba yake akafa, na shauri la maisha yake likawa mikononi mwa kaka yake.

Siku zile wakubwa wa Genova waligawanyika. Ukoo wa Fieschi ulikuwa upande wa Papa, ukoo wa Adorno upande wa Kaisari, na chuki yao ilikuwa ya zamani. Wakubwa wakatafuta njia ya kupatana, wakaona arusi. Tunajua vema desturi hiyo: koo mbili zinapochoka kugombana, binti mmoja anatolewa awe kamba ya kuzifunga pamoja. Tarehe 13 Januari 1463 Caterina, msichana wa miaka kama 16, akaozwa kwa Giuliano Adorno.

Giuliano alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mwepesi wa hasira, mpenda kamari na anasa, mwenye kutapanya mali. Tena hakuwa mwaminifu kwa mke wake. Alizaa binti na mwanamke mwingine, jina lake Thobia. Kwa miaka mitano Caterina alijifungia nyumbani kwa huzuni. Kwa miaka mitano mingine alifuata shauri la jamaa zake, akaenda kwenye karamu na mazungumzo ya wakubwa. Huzuni haikuondoka.

Mwezi wa Machi 1473 alikwenda kumtazama dada yake mtawa, naye akamshauri aungame. Alipopiga magoti mbele ya padri, neema ya Mungu ikamjaa kwa nguvu hata akashindwa kuendelea. Tangu siku zile akaanza kuwatafuta wagonjwa na maskini wa mji, akiwafulia nguo zao na kuwaosha vidonda.

Na Giuliano je? Mali yake ilikuwa imekwisha. Wahenga husema, maji yakimwagika hayazoleki. Ndivyo ilivyokuwa kwa fedha zake, lakini moyo wa mtu si maji. Bwana yule mwenye kiburi akatubu, akaingia katika Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Wakapatana wote wawili kuishi kama kaka na dada. Wakaacha jumba lao kubwa, wakahamia nyumba ndogo karibu na hospitali ya Pammatone, na mwaka wa 1479 wakaingia kukaa ndani ya hospitali yenyewe. Humo mabwana wa kale wakawa watumishi wa wagonjwa.

Mwaka wa 1490 Caterina alipewa kazi ya kuongoza hospitali. Mwaka wa 1493 tauni ikaingia mjini. Wenye mali wengi walikimbia, yeye alibaki. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa karibu kufa alijaribu kutaja jina la Yesu asiweze, na Caterina akambusu mdomoni, akaambukizwa tauni. Lakini akapona.

Giuliano alikufa mwaka wa 1497, baada ya ugonjwa wa maumivu makali. Mke wake alimwuguza. Naye Thobia, mtoto ambaye wake wengi wasingetaka hata kusikia jina lake, Caterina alimtunza. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo tunapoona upendo wake wazi kabisa. Kumsamehe mume anayetubu ni kazi ngumu. Kumtunza mtoto wa kosa lake ni kazi ngumu zaidi.

Lakini tusikosee. Hatusemi kwamba mke anayeteswa anyamaze tu, akingoja mume wake abadilike kwa uvumilivu wake. Caterina hakumgeuza Giuliano kama mfinyanzi anavyogeuza udongo. Giuliano mwenyewe alikubali kugeuka. Asingekubali, habari hii ingekuwa nyingine.

Tena hatuwasifu wale waliomwoza. Walidhani kwamba hati na arusi zinatosha kuleta amani, nao walimtia binti mdogo katika uchungu wa miaka kumi. Amani ilikuja baadaye, na haikutoka kwao. Ilitoka kwa watu wawili waliokuwa wamepoteza furaha na mali, wakajifunza kuinama pamoja juu ya kitanda cha mgonjwa.

Caterina alikufa tarehe 15 Septemba 1510. Mwaka wa 1737 Papa Klementi XII alimtangaza Mtakatifu. Giuliano hakutangazwa, lakini kila anayesimulia maisha ya mke wake hana budi kumtaja: kwanza kwa aibu, mwishoni kwa heshima.