Mzimu Usiotisha

Nilikingoja *Mzimu wa Watu wa Kale* muhula mzima, nikiwa kidato cha pili. Nakala ilikuwa moja na foleni ndefu. Jina lenyewe, jamani! Maiti ya Bwana Ali ilipokutwa mzimuni, nywele zikanisimama. Kisha akaja Bwana Msa na kiko chake, hofu yote ikayeyuka. Nilikirudisha kwa hasira.

Kumbe kosa lilianzia kwenye neno. Kwetu bara mzimu ni roho ya mfu. Pwani ni pia mahali pa kutambikia. Isitoshe, Muhammed Said Abdulla, aliyeshinda kwa hadithi hii shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 (ikachapwa 1960), alimfuata Sherlock Holmes, na kwa Holmes hata jibwa la *The Hound of the Baskervilles* (1902) huishia kuwa mbwa tu. Wahakiki husifu ushindi wa akili juu ya ushirikina. Sawa. Lakini mie nashikilia kwamba Doyle alituacha gizani kitambo kabla ya kuwasha taa. Abdulla aliwahi mno.

Mdogo wangu nilimpa nikimwambia ni upelelezi. Alikimaliza kwa siku mbili, akataka kingine. Nikampa *Kisima cha Giningi* (1968), bila kumwahidi mchawi yeyote.