Kumbukumbu

Nomino hii imetokana na kitenzi kumbuka, pamoja na ukumbusho na makumbusho. Katibu wa kikao huitumia kwa maandishi ya mkutano, na maana hiyo ndiyo inayokaribia zaidi seli T ya kumbukumbu, mojawapo ya seli za kinga ya mwili. Seli haikumbuki kisa wala sura. Hubeba kipokezi kinachotambua kipande fulani cha protini, hudumu mwilini miaka mingi, na adui akirejea huzaliana upesi. Neno ukumbusho lisingefaa: hilo ni la kumkumbusha mwingine.

Kampala ina sehemu yake katika historia ya seli hizi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alieleza uvimbe wa taya za watoto. Vipande vyake vilisafirishwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kuona kirusi ndani ya seli zake. Watu wazima wengi duniani wanacho, kikidhibitiwa na seli T za kumbukumbu. Miaka ya 1970 chanjo ya BCG ilijaribiwa Kampala kuamsha kinga ya wagonjwa wa uvimbe huo, bila mafanikio.

Katika miaka ya 1990, Marekani, seli T za kupambana na kirusi hicho zilikuzwa maabara kutokana na damu ya wachangiaji, kisha waliopandikizwa uboho wakapewa. Baadhi ya seli hizo zilionekana miilini mwao takriban miaka 9 baadaye. Seli iliyokomaa mno huua vizuri ila huchoka mapema. Kwa hiyo watafiti huzikuza seli hizo kwa protini za interlukini 7 na 15, zibaki changa.