Maji Yapo, Ila Kiasi Gani?

Ukichimba karibu popote katika rasi ya kusini ya jimbo la Michigan, Marekani, utayakuta maji. Barafuto zilizolifunika jimbo hilo katika enzi ya mwisho ya barafu ziliyeyuka na kuacha juu ya mwamba rundo la mchanga, changarawe, udongo wa mfinyanzi na mawe, ambalo mahali pengine lina unene wa zaidi ya mita 300. Mvua na theluji zimekuwa zikilijaza tangu hapo. Kwa hiyo mwenye shamba haulizi kama maji yapo. Anauliza kisima kitampa kiasi gani kwa dakika, na hilo halionekani kwa macho. Nyumba yake huenda imekaa juu ya changarawe iliyooshwa na mito ya barafu inayoyeyuka, huku jirani yake ng'ambo ya barabara akiwa juu ya udongo mzito uliosagwa na kushindiliwa na barafu yenyewe. Changarawe hupitisha maji mara milioni na zaidi kuliko udongo ule.

Ndiyo maana Wamarekani wakachora ramani isiyoonyesha maji yalipo, bali kiasi ambacho kisima kinatarajiwa kutoa. Nikiiweka karibu na maandishi ya kale ya India na desturi za Oman, naona jambo ambalo ikisomwa peke yake halijitokezi: neno "kiasi" limebeba maswali mawili, na ramani inajibu moja tu.

Sheria namba 148 ya Michigan ya mwaka 2003 iliagiza maji ya chini ya ardhi ya jimbo zima yaorodheshwe na yachorwe. Malighafi ya kazi hiyo ilikuwa karatasi za wachimbaji visima. Fundi akimaliza kuchimba hujaza fomu, tuseme: futi 0 hadi 12 mchanga, 12 hadi 47 udongo wa kijivu wenye mawe, 47 hadi 68 changarawe yenye maji. Mtaalamu huliwekea kila tabaka makadirio ya jinsi linavyopitisha maji, huyazidisha kwa unene wake, kisha huangalia maji ya kisimani yanaweza kushushwa hadi wapi kabla pampu haijaanza kuvuta hewa. Kanuni zenyewe ni za zamani: Henry Darcy alipima maji yakipita kwenye mchanga huko Dijon, Ufaransa, akachapisha mwaka 1856, na Charles Theis akaonyesha mwaka 1935 jinsi maji yanavyoshuka kadiri muda wa kuvuta unavyokwenda. Palipo wazi kati ya kisima na kisima hujazwa kwa hesabu za takwimu.

Kazi safi, lakini tazama nani ameijaza ile fomu. Familia moja inatosheka na lita 20 au 40 kwa dakika. Fundi akizipata anazima mashine na kudai ujira wake, hata kama mita tano chini ya ncha ya bomba kuna changarawe ya kumwagilia shamba zima. Na neno "mchanga" la fundi mmoja ni "mchanga laini wenye udongo" kwa mwingine. Ramani basi inachora ardhi, na papo hapo inachora mahitaji na uvumilivu wa watu waliolipa pesa kuichimba. Anayeisoma rangi yake kama ahadi amejidanganya mwenyewe.

Hata hivyo haiwezi kuwekwa daraja moja na mtu anayetafuta maji kwa kijiti chenye panda. Huyo ana historia ndefu Ulaya: Georgius Agricola alimweleza katika kitabu chake cha uchimbaji madini mwaka 1556, akimtilia shaka. Mwaka 1917 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilichapisha utafiti wa Arthur Ellis kuhusu historia ya kijiti hicho, ikiona ni kupoteza pesa kuendelea kukijaribu. Wateja wake hawajaisha. Wala si ajabu, kwani katika mashapo ya barafuto ni vigumu kukosea pa kupata maji. Yeye hutaja nukta moja, hupokea malipo, huondoka, na hakuna daftari linaloweka visima alivyokosa. Fomu ya fundi, pamoja na upungufu wake wote, inaweza kusahihishwa na fomu ya kesho.

Varahamihira wa Ujjain ni mtu wa aina nyingine kabisa. Katika karne ya 6 alitunga *Brihat Samhita*, na sura moja ya kitabu hicho inahusu dalili za maji ardhini. Kipimo chake cha kina ni urefu wa mtu aliyenyoosha mikono juu. Anasema kichuguu kikiwa karibu na mzambarau, upande wa mashariki, basi upande wa kusini wa mti yatapatikana maji matamu kwa kina cha watu wawili. Wengi huishia hapo, wakacheka vichuguu. Ila yeye anaendelea: ukifika nusu ya mtu utakuta samaki, kisha jiwe la rangi ya njiwa, kisha udongo wa samawati, na maji yake yatakuwa mengi na ya muda mrefu.

Samaki huyo simwelewi, na sidhani ninahitaji kumwelewa. Kinachonivutia ni mpangilio. Kutoka juu kwenda chini, kwa vipimo, tabaka baada ya tabaka, rangi ya jiwe na rangi ya udongo: ni fomu ya mchimbaji, ila imeandikwa kabla jembe halijagusa ardhi. Anayechimba anaweza kuihakiki njiani. Udongo wa samawati usipotokea, ajue ameshapotea. Mtu wa kijiti hampi mteja wake nafasi hiyo. Tena Varahamihira ametaja sifa mbili, si moja. Mengi ni jambo moja, muda mrefu ni jambo jingine.

Oman walilifunga swali hilo la pili, la muda, kwa mfereji. Mfereji huo, uitwao falaji, huyapokea maji ya chini ya ardhi na kuyaleta kwa mteremko tu, bila pampu. Al-Karaji, mwanahisabati wa Kiajemi, aliandika karibu mwaka 1017 kitabu cha kuyatoa maji yaliyofichika, chenye vifaa vya kupimia mteremko wa mifereji ya aina hiyo. Mifumo ipatayo 3,000 bado inatumika Oman, na mitano iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, mmojawapo ukiwa Falaji Daris wa Nizwa. Hisa ya mkulima hupimwa kwa muda. Kipimo kimoja, kiitwacho athari, ni kama nusu saa, na zamani mchana kilisomwa kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Mwaka wa mvua nusu saa ina maji mengi. Mwaka wa ukame nusu saa ni ileile, maji ndiyo yamepungua, kwa kila mwenye hisa. Hakuna anayekadiria lita kabla. Mteremko hauwezi kukopa maji ya mwakani, pampu inaweza.

Michigan nao walijua pampu inakopa. Tangu 2009 anayetaka mtambo wa kuvuta zaidi ya galoni 100,000 kwa siku sharti apitishe ombi lake kwenye programu ya serikali inayokadiria kijito cha jirani kitapungua kiasi gani, na kipimo cha madhara ni samaki: wale wa kawaida wa kijito hicho wasipungue kupita kiwango. Nampenda samaki huyu kuliko yule wa Varahamihira, kwa sababu anahesabika.

Lakini kijito hakishuhudii kila kitu. Katika Kaunti ya Ottawa, kati ya Grand Rapids na Ziwa Michigan, visima vingi vimeshuka hadi kwenye mwamba wa mchanga ulio chini ya mashapo ya barafuto. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan uliona maji ya mwamba huo yakishuka na chumvi ikipanda, kwa sababu katikati ya kaunti udongo wa mfinyanzi ulioachwa na barafu unazuia mvua isifike chini. Visima vilitoa maji vizuri siku vilipopimwa. Na kwenye ramani ya mashapo ya barafuto udongo huo ni rangi ya mahali penye maji haba, basi. Hakuna rangi inayosema kwamba ndio kifuniko cha maji ya mwamba ulio chini yake.