Treni mseto: jinsi kompyuta inavyobana matumizi ya mafuta

Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, haina reli. Hata hivyo mzigo wa Dar es Salaam unaweza kufika huko kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa meli ziwani. Dizeli inayochomwa njiani huingia kwenye bei ya usafirishaji, na mwishowe hulipwa dukani.

Treni mseto ina injini ya dizeli pamoja na betri kubwa. Inapopunguza mwendo, mota zake hugeuka jenereta na kuchaji betri. Umeme huo husaidia baadaye kuondoka stesheni au kupanda mlima. Japani ilianza kubeba abiria kwa treni za namna hii mwaka 2007.

Ugumu uko kwenye kuamua betri itumike wapi. Ikifika kileleni imejaa, umeme wa mteremko hauna pa kuwekwa na hupotea kama joto. Ikiisha katikati ya mlima, dizeli hubaki kuvuta peke yake. Ndiyo maana kompyuta hupewa ramani ya njia nzima, uzito wa mabehewa na mwendo unaoruhusiwa, ili ipange mapema: itumie betri wakati wa kupanda, ifike juu ikiwa na nafasi, kisha ijaze wakati wa kushuka. Dereva hodari hufanya hesabu kama hiyo kichwani, lakini si kila siku na si kwa kila treni.

Mwaka 2021 kampuni za Wabtec na BNSF zilijaribu kichwa cha betri cha kilowati-saa 2,400 pamoja na vichwa vya dizeli huko California, Marekani. Treni ilipunguza mafuta kwa wastani wa asilimia 11.

Je, reli ya zamani ya Kigoma, iliyofika ziwani mwaka 1914, ingepata faida hiyo? Kutoka Tabora, mita 1,200 hivi juu ya bahari, reli hushuka hadi takriban mita 770, lakini mteremko huo umetawanyika kwenye kilomita 400. Betri haitavuna sana hapo; faida kubwa ni kuiachia treni ijiendee na kupunguza kusimama ovyo. Muuzaji akitaja asilimia 11, aulizwe alipimia wapi.

Reli ya kisasa ya Uvinza–Musongati, kilomita 282, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2025, imepangwa kutumia umeme. Nayo inaelekea milimani. Mzigo wa Kigwena utakaopitia huko bado utahitaji lori la kuushusha hadi ziwani.